Dawa za "kusafisha mapafu" na "kupandisha kinga": niliyoyakuta kwenye begi la mjomba

Mtoa Dawa wa Mbagala

Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni.

Niko kwenye duka la dawa muhimu huku Mbagala, mwaka wa tisa sasa. Uzi huu nimeuahirisha muda mrefu, ila mwezi uliopita mjomba alikuja kutoka Singida, na nimeona nikiendelea kunyamaza kuna mtu nitakuwa namdhulumu.

Mjomba alifika anakohoa. Tukamuuliza tangu lini, akasema "siku nyingi kidogo." Usiku mama alikuwa anamsikia hadi chumbani kwake. Asubuhi nikamwomba anionyeshe anachotumia, akavuta begi uvunguni. Chupa saba. Nilizipanga mezani moja moja. Mbili vidonge vya vitamini C vya miligramu 1000, vile vya kuyeyusha kwenye maji. Moja zinki. Moja mafuta ya habasoda. Moja unga wa mlonge. Moja sharubati nyeusi isiyo na lebo, kifuniko kimezungushiwa nailoni, aliinunua ndani ya basi. Ya saba ina picha ya pafu jeusi upande huu na pafu jekundu upande ule, imeandikwa inasafisha mapafu kwa siku 30. Hiyo peke yake Sh 45,000, na alikuwa kwenye chupa ya tatu.

Yaani miezi mitatu mtu anakohoa, anakonda, usiku shuka linalowa jasho, na kila mwezi anauza kuku ili anunue chupa nyingine. Siku ileile nikampeleka kituo cha afya, akapewa kikopo cha makohozi, mashine ya GeneXpert ikasoma kifua kikuu. Kipimo hakikutugharimu hata shilingi, na dawa za miezi sita ni bure. Nyumba nzima tukaitwa kupimwa, na watoto wadogo wawili wa dada yangu wakaanzishiwa dawa za kinga.

Sisemi virutubisho ni uongo, baadhi nauza mwenyewe. Ninachosema ni kwamba kikohozi kikifika wiki mbili, kwanza kinapimwa. Chupa itasubiri. Na ukienda kupima, zitaje chupa zako zote, hata ile ya kwenye basi. Wateja wengi wananificha, wanaona mitishamba na vitamini "si dawa" kwa hiyo hazihesabiki. Zinahesabika sana, na hapo ndipo ningependa tukae.

Ulizeni, nitajibu ninachokijua.

Kijana wa Kata ya Nne

Asante kwa uzi, dada. Swali langu ni dogo tu: vitamini C inazuia mafua au haizuii? Mimi nakula 1000 kila siku tangu 2020, wakati ule wa korona, sijaacha.

Mtoa Dawa wa Mbagala

Kaka, hili limepimwa kuliko karibu kirutubisho kingine chochote. Linus Pauling, mkemia wa Marekani mwenye Nobeli mbili, alianza kuinadi mwaka 1970, na tangu hapo watafiti wamekuwa wakijaribu. Mwaka 2013 watafiti wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba, walijumlisha majaribio 29 yenye watu zaidi ya 11,000. Kwa watu wa kawaida, kuimeza kila siku hakukupunguza idadi ya watu waliopata mafua. Ilichofanya ni kufupisha ugonjwa, asilimia 8 kwa wakubwa na 14 kwa watoto. Mafua ya siku saba yanapungua kama nusu siku. Na hiyo ni kwa anayeimeza kila siku kabla hajaugua. Ukianza baada ya pua kuziba, matokeo hayaeleweki.

Kundi moja lilifaidika kweli: wakimbiaji wa marathoni, watelezaji kwenye theluji na wanajeshi waliokuwa mazoezini kwenye baridi kali. Kwao mafua yalipungua karibu nusu. Kama wewe ni mkimbiaji, una hoja.

Mwili wa mtu mzima unataka miligramu 75 hadi 90 kwa siku, mvutaji sigara aongeze 35. Pera moja la kawaida linavuka hapo. Nyingi ya ile 1000 unayomeza inatoka na mkojo, na ukizidisha 2000 tumbo linaharisha. Mwanaume mwenye historia ya mawe kwenye figo asiiguse bila kumuuliza daktari. Na vile vya kuyeyusha kwenye maji vina sodiamu, ndiyo maana vinachemka. Mwenye presha aliyekatazwa chumvi asivifanye soda ya kila asubuhi.

Jambo la jikoni pia: limao usilichemshe na tangawizi dakika ishirini. Vitamini C haipendi moto. Chemsha tangawizi, epua, iache ipoe kidogo ndipo ukamue limao.

Mzee wa Mitishamba

Dada, nakuheshimu lakini naona mnarudi kulekule kudharau dawa zetu. 2020 tulijifukiza nyungu, tukanywa tangawizi na malimao, tumevuka. Hata NIMR wenyewe, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, walitengeneza dawa ya kunywa ya NIMRCAF kwa tangawizi, vitunguu na malimao. Hospitali hazikuwa na jibu wakati ule. Babu zetu walitibu vifua kwa mkaratusi na kivumbasi kabla ya mzungu kuleta kidonge.

Mtoa Dawa wa Mbagala

Mzee wangu shikamoo. Sidharau hata kidogo. Dawa mseto ya malaria ninayoitoa kila siku imetoka kwenye mmea wa artemisia, na Tu Youyou wa Uchina aliyeichambua alipewa Nobeli mwaka 2015. Kwa hiyo kwamba mmea unaweza kutibu, mimi na wewe hatubishani.

Ila mzee, kama mmea una nguvu ya kutibu, basi una nguvu ya kudhuru na kugongana na dawa nyingine pia. Haiwezekani uwe na nguvu upande mmoja tu. Huyohuyo Tu Youyou hakuishia kwenye chai. Alitenga kiini, akapima kipimo, ndipo ikawa dawa. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani halishauri chai ya artemisia kwa malaria: kiini kinachopatikana kwenye kikombe kinapanda na kushuka, na kipimo pungufu kinazoesha vimelea. Nami nataka mitishamba yetu ipewe heshima hiyohiyo, ipimwe, iandikwe kipimo. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ipo tangu 2002 na Baraza lake lipo, linasajili waganga na dawa. Mganga aliyesajiliwa hana sababu ya kuuza chupa isiyo na jina kwenye basi.

Nesi Mstaafu

Mwanangu umesema vizuri. Niongeze la nyungu, maana nimekaa wodi ya watoto miaka mingi.

Mvuke unalainisha makamasi, mtu anapumua vizuri kwa muda, hilo sikatai. Hauendi kuua kirusi kwenye mapafu. Joto la kuua kirusi ndani ya pafu lingekuua wewe kwanza. Ninachokumbuka mimi ni watoto. Mama anaweka sufuria sakafuni, anajifunika blanketi na mtoto mapajani, mtoto anashtuka anapiga teke. Maji yanamwagikia mapaja na sehemu za siri. Kisa cha aina hii nilikipokea si mara moja, na kila mara ni nyumba iliyokuwa inampenda sana mtoto wake. Msimfukize mtoto mdogo kwa sufuria. Pua ikiziba, matone ya maji ya chumvi ya famasi yanatosha.

Mafuta ya mkaratusi ni ya kunusa. Mtoto akiyanywa hata kijiko kimoja anaweza kupata degedege. Wekeni juu.

Na asali: mtoto chini ya mwaka mmoja asilambe kabisa, hata ncha ya kidole. Inaweza kubeba vijidudu vya botulizimu, utumbo wake haujakomaa kuvizuia, na sumu yake inalegeza misuli hadi ya kupumua. Baada ya mwaka mmoja, kijiko kidogo cha asali kabla ya kulala kinapunguza kikohozi cha usiku, na hilo lina ushahidi kuliko sharubati nyingi za dukani.

Binti wa Mji Mkongwe

Nesi, ahsante sana, hilo la asali nitampelekea wifi yangu usiku huu huu, ana mtoto wa miezi mitano.

Huku Unguja kikohozi tunatafuna urukususu, ule mzizi mtamu. Bibi yangu ana kipande mdomoni tangu asubuhi hadi jioni, na sasa miguu inamvimba na presha imepanda ingawa dawa anameza. Inaweza kuwa na uhusiano?

Mtoa Dawa wa Mbagala

Dada, inaweza sana. Urukususu una kitu kinaitwa gilisirizini, ndicho kinachoupa ule utamu. Kinaufanya mwili ushikilie chumvi na maji na kupoteza potasiamu. Presha inapanda, miguu inavimba, misuli inalegea, na moyo unaweza kwenda ovyo, hasa kama bibi anameza vidonge vya kukojoza maji. Mpelekeni kliniki na kipande chenyewe mkononi, mkamwambie daktari anatafuna kiasi gani. Wapime potasiamu. Asiache dawa zake za presha, aache urukususu.

Mwanaapolo

Mimi niko Mirerani, nachimba tanzanite. Huku biashara ya kusafisha mapafu ndiyo kwao. Wauzaji wanakuja hadi geti la ukuta unaozunguka machimbo, na vipaza sauti. Sisi tunajua vumbi linatumaliza, kwa hiyo tunanunua. Kama huna hela unakunywa maziwa ukitoka shimoni, yanashusha vumbi. Kaka yangu amechimba miaka 14, sasa kupanda ngazi za shimo anasimama mara nne. Anatumia hiyohiyo yenye picha ya mapafu mawili. Anasema kinatoka kitu cheusi akikohoa, kwa hiyo inafanya kazi.

Mtoa Dawa wa Mbagala

Kaka yangu, pole sana, na hili nitalijibu kwa urefu kwa sababu ndilo linaloniumiza zaidi kwenye uzi huu.

Maziwa yanashuka kwenye koo la chakula kwenda tumboni. Vumbi liko kwenye njia ya hewa, tena sehemu ya chini kabisa ya pafu, kwenye vifuko vidogo ambavyo hewa inaingilia kwenye damu. Njia hizi mbili zinaachana kooni na hazikutani tena. Maziwa ni chakula kizuri, kunyweni, lakini vumbi hayaligusi.

Sasa vumbi lenyewe. Mnapotoboa mwamba mnapumua vumbi lenye silika, madini yaliyomo kwenye mwamba. Chembe zake kubwa zinanaswa na makamasi na kutoka, ndicho hicho cheusi anachokohoa kaka yako. Kingetoka hata bila chupa. Zile ndogo mno zinafika chini. Askari wa mwili wanaozimeza wanakufa, wanaziachia, wengine wanazimeza tena wanakufa tena, na kila mara panabaki kovu. Hiyo ndiyo silikosisi. Kovu si uchafu, mkuu. Hakuna mmea wala vitamini inayolisafisha, na hospitali pia hawana dawa ya kuliondoa. Sikufichi hilo. Kinachowezekana ni kulizuia lisiongezeke: kutoboa kwa maji badala ya kutoboa pakavu, barakoa ya kweli ya vumbi (kitambaa hakitoshi), na kutoka shimoni mapema.

Lakini kuna kitu kinachotibika hapo ndani, nacho ni kifua kikuu. Pafu lenye silika linakamatwa na TB kirahisi kuliko la mtu mwingine, na dalili zinafanana hadi mtu anadhani ni vumbi tu. Hospitali ya Kibong'oto kule Siha ilianza 1926 kama hospitali ya TB na inawajua vizuri wachimbaji wa Mirerani. Mpeleke kaka yako. Asisubiri chupa iishe.

Mwanaapolo

Atakataa. Anasema akipimwa watamtoa shimoni.

Mtoa Dawa wa Mbagala

Mwambie hatutaki jina la ugonjwa wala barua. Tunataka tu makohozi kwenye kikopo. Ukishindwa, niandikie nizungumze naye mwenyewe kwa simu. Mjomba wangu naye alikataa asubuhi nzima.

Dereva wa Usiku

Nauliza na mimi. Navuta sigara, sijafanikiwa kuacha. Kuna multivitamini ya mapafu kwa wavutaji?

Mtoa Dawa wa Mbagala

Kaka, hapa uwe makini kuliko wote. Miaka ya themanini Wafini waliwachukua wanaume wavutaji 29,133 wakawagawa, baadhi wakapewa beta-karotini kila siku, ile rangi ya karoti ambayo mwili unaigeuza vitamini A. Walitarajia itazuia saratani ya mapafu. Matokeo yalitoka 1994: waliomeza beta-karotini walipata saratani ya mapafu asilimia 18 zaidi. Utafiti mwingine, huu wa Marekani, ulisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu ileile.

Karoti, mchicha na maembe kula bila hofu, tatizo ni kidonge chenye kiwango kikubwa. Geuza kopo, soma nyuma. Ukikuta beta-karotini miligramu 15 au 20, rudisha kwenye shelfu. Pesa hiyo itumie kwenye kuacha sigara. Hakuna kinachoyafaa mapafu yako zaidi, na mara nyingi haitokei jaribio la kwanza, kwa hiyo kushindwa mara moja kusikukatishe tamaa.

Mama Wawili

Dada, mwanangu ana pumu. Jirani ameniletea unga wa mitishamba, kijiko kimoja kwenye uji. Wallahi siku ya pili kifua kimefunguka, mwezi wa pili huu hajabanwa. Amenenepa hata mashavu. Niendelee?

Mtoa Dawa wa Mbagala

Mama, hayo mashavu ndiyo yamenishtua. Yamekuwa ya mviringo kama mwezi? Anakula sana? Ana vinyweleo usoni?

Dawa za unga zinazokata pumu kwa siku mbili zina historia mbaya: mara nyingi wahuni wanasagia humo deksamethasoni au predinisoloni, dawa za hospitali za kundi la steroidi. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitangaza kukuta deksamethasoni ndani ya kirutubisho cha maumivu ya viungo, na lebo haikuitaja. Siwezi kujua huo wako una nini. Ila usiukatishe ghafla ukiwa nyumbani. Mwili ukizoea steroidi tezi zake zinalala, na ukikata siku moja mtoto anaweza kuishiwa nguvu hadi kuzimia. Kesho asubuhi nenda hospitali na mtoto na unga wenyewe, waeleze wiki ngapi na vijiko vingapi, wao ndio watakaomshusha taratibu. Akitapika sana au akilegea usiku huu, usisubiri kesho. Na dawa yake ya kupuliza irudi mezani.

Mama Wawili

Ndiyo, yamekuwa mviringo. Nimeogopa. Naenda kesho.

Msomaji Kimya

Nimesoma kimya kimya hadi hapa. Naomba kuuliza bila kujitambulisha. Natumia dawa za CTC, yaani kliniki ya VVU, kidonge kimoja cha ARV kwa siku, ile TLD. Sikukosa hata siku moja. Wingi wa virusi ulikuwa hausomeki miaka miwili, kipimo cha juzi umeanza kusoma. Nesi ananiuliza kama naruka dozi, siruki. Tangu mwezi wa nne naongeza kinga na vitamini, nameza pamoja na dawa alfajiri ili nisisahau.

Mtoa Dawa wa Mbagala

Asante kwa kuuliza, na nakuamini kwamba huruki.

Kopo hilo lina chuma, kalsiamu, zinki au magnesiamu? Multivitamini nyingi zinazo. Ndani ya TLD kuna dolutegravir, na madini hayo yakikutana nayo tumboni yanaishika, inapita bila kuingia kwenye damu ya kutosha. Unakuwa umemeza kidonge lakini mwili haujakipata. Kanuni ni hii: TLD saa mbili kabla ya vitu hivyo, au saa sita baada yake. Chuma na kalsiamu zinaweza kwenda pamoja na TLD ikiwa umemeza na chakula cha kushiba. Dawa za kiungulia zenye magnesiamu au aluminiamu zisikaribiane kabisa.

Usiache TLD. Vitamini ndiyo uiweke pembeni kwa sasa, na urudi CTC na kopo mkononi umwonyeshe nesi. Mwambie alfajiri ulikuwa unameza na nini, kama kulikuwa na chakula au la. Watapanga lini wakupime tena.

Na wengine mnaosoma: kitunguu saumu cha kwenye mchuzi hakina shida, ila vidonge vyake vilivyokolezwa viliwahi kupimwa vikashusha kwa karibu nusu kiwango cha sakwinavir, ARV ya zamani, na anayetumia wafarini ya kuzuia damu kuganda anaweza kutoka damu. Antibayotiki kama siprofloksasini na doksisaiklini nazo zinashikwa na madini vilevile.

Msomaji Kimya

Nimeligeuza kopo. Chuma 18. Kalsiamu 200. Zinki 15. Hakuna aliyewahi kuniuliza. Nilikuwa nakunywa na maji matupu.

Mtanzania wa Leicester

Poleni wote. Huku Uingereza serikali inashauri vitamini D mikrogramu 10 kwa siku msimu wa baridi, na sisi wenye ngozi nyeusi mwaka mzima. Nimtumie mama yangu Tanga makopo?

Mtoa Dawa wa Mbagala

Wewe endelea, jua la huko halitoshi. Mama wa Tanga, kama anatoka nje asubuhi na mikono iko wazi, jua lake linamtosha. Kama anashinda ndani au anajifunika mwili mzima, apimwe kwanza. Vitamini D inakaa kwenye mafuta ya mwili, haitoki na mkojo kama C, na ikizidi kalsiamu inapanda kwenye damu. Kikomo cha kila siku kwa mtu mzima ni mikrogramu 100, na makopo mengine huko yanavuka hapo kwa kidonge kimoja.

Shangazi wa Temeke

Mwanangu, mimi niko hapa karibu. Nina kikohozi siku ya tano, sina homa. Mezani nina tangawizi, asali, vitamini C, na zinki. Nipunguze nini?

Mtoa Dawa wa Mbagala

Shikamoo shangazi. Tangawizi na asali endelea, ila kama una kisukari asali ipunguze. Vitamini C, kidonge kimoja kinatosha, au kula mapera. Zinki soma nyuma, ni miligramu ngapi? Na umeanza lini?

Shangazi wa Temeke

Marahaba. Imeandikwa 50. Nameza tangu mwaka jana, na siku hizi nyayo zinakufa ganzi.

Mtoa Dawa wa Mbagala

Basi hiyo iache leo, shangazi. Kikomo ni 40 kwa siku, na ukizidisha miezi mingi shaba mwilini inaisha, damu inapungua na miguu inakufa ganzi. Sukari nayo inaleta ganzi, kwa hiyo tutapima vyote. Kesho nafungua saa mbili asubuhi, njoo na makopo yote kwenye mfuko, tutaongozana hadi kituo cha afya. Mjomba naye ana miadi ya kupimwa uzito. Jana alitaka kuacha dawa kwa sababu mkojo umekuwa mwekundu, ikabidi nimweleze ni rangi ya rifampisini tu. Ameongezeka kilo mbili.

Mwanaapolo

Dada, kaka amekubali. Tunapanda gari saa kumi na moja alfajiri kwenda Kibong'oto. Chupa ameibeba, nimemwambia aionyeshe.